Spartacus alifika chini ya Alps akageuka. Je, albamu ya Triumvirat ya 1975 ililikwepa swali?

#1 Kinanda_Mbale
Salamu wakuu. Naleta hoja kwa wapenda muziki na wapenda historia kwa pamoja, maana upande mmoja peke yake hautaimaliza.

Mwaka 1975 kundi la Triumvirat lilitoa albamu ya roki ya progresivu iitwayo Spartacus. Ni albamu ya kisa kimoja: nyimbo tisa zinazomfuata yule mtumwa mpiganaji wa Capua aliyewatoa Warumi jasho kuanzia mwaka 73 hadi 71 KK. Inaanza na fahari ya Roma, inapita kwenye shule ya kufundishia watumwa kuuana, inaingia kwenye ndoto ya uhuru, inaishia kwenye kipigo. Kwangu mimi ni kazi kubwa, na yeyote anayepiga kinanda aitafute hata kwa bando la kuazima.

Shida yangu ni wimbo wa nane, "The March to the Eternal City". Ndio mrefu kuliko wote, unakaribia dakika tisa, na ndani yake jeshi la watumwa linakwenda Roma. Historia ninayoifahamu inasema Spartacus alipanda kaskazini, akamtandika gavana Cassius karibu na Mutina, mji unaoitwa Modena siku hizi, na baada ya hapo njia ya kwenda Alps ilikuwa wazi. Ng'ambo ya milima kulikuwa na nchi ambazo Roma ilikuwa haijazitia mkononi. Akageuka akarudi kusini, na huko alikorudi ndiko alikouawa.

Nasema Triumvirat walilikwepa swali gumu kuliko yote ya kisa hiki. Kwa nini aligeuka? Karibuni.

#2 Fundi_Katwe
Uzi mtamu, nimevuta kiti. Hiyo si ile yenye panya mweupe ndani ya balbu kwenye jalada? Kundi la Italia lile, ndiyo maana wakachagua Roma. Habari za Alps nawaachia wasomi, ila wimbo wa kwanza ukiufungulia kwenye spika inayojua kazi, wapita njia wanasimama mlangoni kuuliza ni nini hicho. Hauna neno hata moja, na bado unajua kabisa kwamba kuna mkubwa anaingia mjini.

#3 Mwalimu_FortPortal
Fundi, hao si Waitalia. Triumvirat ni watu wa Köln, Ujerumani. Jürgen Fritz kwenye vinanda, Helmut Köllen kwenye besi, gitaa na kuimba, Hans Bathelt kwenye ngoma, na mashairi yakiandikwa na huyohuyo Bathelt. Walilinganishwa sana na Emerson, Lake & Palmer wa Uingereza, na ukisikia ogani inavyokimbia utaelewa sababu.

Sasa kwa mleta uzi. Jibu la zamani ni la Plutarch, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka 150 baada ya vita. Anasema Spartacus mwenyewe alitaka kuvuka Alps ili kila mtu arudi kwao, wengine Thrace kule Balkani, wengine Galia, yaani Ufaransa ya leo. Watu wake wakagoma. Walikuwa wengi, walishashinda mara kadhaa, wakavimba vichwa, wakaona heri kuizunguka Italia wakipora. Kwa Plutarch kiongozi alikuwa na busara na wafuasi ndio waliomponza.

Mimi naliamini nusu. Mtu wa tabaka la juu akisimulia habari za watumwa, lawama zote huwa za umati.

#4 Afande_Mstaafu_Jinja
Mwalimu umeeleza vema, lakini naona humu hakuna aliyewahi kulisha kikosi. Appian, mwandishi mwingine wa kale wa historia ya Roma, anataja askari wa miguu 120,000. Hata ukizipunguza hesabu hizo kwa nusu, bado ongeza wanawake, watoto, wazee na majeruhi. Mimi kazi yangu ilikuwa ugavi. Watu mia chache tu wakikaa bila posho, amri inaanza kujadiliwa badala ya kutekelezwa, na anayejadili kwa sauti kubwa ndiye anayefuatwa.

Bondeni Italia kuna ngano na mifugo ya matajiri. Unavamia, unakula, unahama. Juu ya Alps kuna mawe na theluji. Yule mtu aliitazama milima, akahesabu midomo, akageuka. Hapo mimi sioni fumbo lolote.

#5 Kijana_Busia
Afande shikamoo. Mbona Hannibal, jemadari wa Carthage, aliivuka milima hiyohiyo mwaka 218 KK, tena na tembo 37?

#6 Afande_Mstaafu_Jinja
Marahaba kijana. Umemtaja Hannibal, sasa malizia hesabu yake. Mwanahistoria Polybius anasema alipouacha mto Rhône alikuwa na askari wa miguu 38,000 na wapanda farasi 8,000. Alipoteremka upande wa Italia wamebaki 20,000 na 6,000. Hao walikuwa wanajeshi wa kazi, hawana watoto mgongoni, na walikuwa wanakifuata chakula. Spartacus angekuwa anakipa kisogo.

#7 Wakili_Ntinda
Habari za jioni. Kinanda, naomba nipinge msingi wa hoja yako. Umeandika kana kwamba safari ya Roma ni ya kubuni. Appian anaisema waziwazi. Baada ya Crixus, kiongozi mwenzake, kuuawa, Spartacus aliwatoa mateka Warumi 300 kafara kwa ajili ya rafiki yake, kisha akaanza kwenda Roma kwa haraka. Akachoma mizigo isiyo na kazi, akaua mateka, akachinja wanyama wa mizigo ili msafara uwe mwepesi. Baadaye ndipo akaghairi. Aliona hajawa tayari, watu wake hawana silaha za kutosha, na hakuna mji hata mmoja uliojiunga naye.

Kwa hiyo Bathelt hakukwepa. Ana shahidi wake, na shahidi huyo anapishana na wa Mwalimu. Mashahidi wakipishana hatumfukuzi mmoja kwa sababu tu wa kwanza aliwahi kusimama kizimbani. Tunauliza kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kusema alivyosema. Plutarch alikuwa anaandika maisha ya Crassus, jemadari Mrumi aliyemshinda Spartacus. Appian alikuwa anaandika vita vya Warumi wenyewe kwa wenyewe. Mmoja anataka kumpamba jemadari, mwingine anataka kuonyesha jinsi Roma ilivyojiweka hatarini.

#8 Muuza_Chuma_Katwe
Dada Wakili, mbona umeishia njiani? Endelea na huyohuyo Appian. Baada ya kughairi, Spartacus aliikalia milima ya Thurii kule kusini, akauteka na mji. Akapiga marufuku wafanyabiashara kumletea dhahabu na fedha, na watu wake wasiwe nazo. Alichonunua ni chuma na shaba, tena kwa wingi, na wauzaji hakuwadhulumu.

Mimi nimeishi kwa chuma miaka mingi. Najua mteja anayenunua kwa ajili ya kuhama na anayenunua kwa ajili ya kukaa. Anayehama anataka kitu chepesi chenye thamani, yaani hiyohiyo dhahabu. Anayekataa dhahabu akakusanya chuma ana mafundi wanaomsubiri na moto umeshawashwa. Huyu hakusukumwa na wafuasi wala njaa. Aligeuka kwa sababu alikusudia kupigana vita virefu, na kusini kulikuwa na bandari, wafanyabiashara na watumwa wengi wa mashambani wa kuongeza jeshini.

#9 Fundi_Katwe
Kila mtu humu anamvisha Spartacus nguo za kazi yake. Afande kampa gunia la posho, Wakili kampeleka kortini, jirani yangu wa chuma kamfungulia duka. Bado mpishi.

#10 Mama_Lishe_Malaba
Mpishi nipo, mwanangu, na nina haki kuliko wote. Vita hii ilianzia jikoni. Plutarch anasema watumwa 200 walipanga kutoroka shule ya Lentulus Batiatus, siri ikavuja, na waliowahi kutoka ni 78. Walikamata nini mkononi? Visu vya kukatia nyama na mishikaki ya kuchomea. Ndizo silaha zao za kwanza. Mikuki na mapanga ya kupigania waliyakuta baadaye njiani, kwenye magari yaliyokuwa yakipeleka vifaa vya wapiganaji mji mwingine.

Halafu kuna mke wake, mbona wanaume hamumtaji? Alikuwa mtu wa kabila lake, nabii wa kike, akipandwa na mungu wao Dionysus. Walipomleta Spartacus Roma kuuzwa, nyoka alijiviringisha usoni pake akiwa usingizini, na mkewe ndiye aliyeeleza maana ya ishara ile. Alitoroka pamoja naye. Kwenye majina ya nyimbo tisa za hao Wajerumani sioni hata moja lililotengwa kwa ajili yake. Mimi swali langu kwa albamu ni hilo, la Alps baadaye.

#11 Kinanda_Mbale
Mama, hilo ni pengo kweli, na ogani ingelijaza vizuri. Asante.

Wakili, nimekusoma. Lakini hebu tuangalie albamu ilivyopangwa. Wimbo wa nane una sehemu tatu: kwanza barabara ya vumbi, halafu kipande cha kati ambacho wapigaji wanaachiwa kutembea wanavyotaka, mwisho ushindi wa kwanza. Wimbo wa tisa unafungua na nguvu za Roma zisizoshindika, unafuata na ndoto iliyovunjika, kisha tamati. Yaani wa nane unaishia kwenye ushindi, na wa tisa unaanzia kwenye kushindwa.

Katikati pana sekunde chache za kimya. Mutina imo humo. Thurii ya Muuza Chuma imo humo. Maharamia wa Kilikia waliopokea malipo wawavushe watu kwenda Sicily, kisha wakang'oa nanga wakawaacha ufukweni, nao wamo humo. Handaki ambalo Crassus alimbana nalo pia. Muda mrefu wa vita wenye maamuzi mazito kuliko yote umepita bila noti. Ndiyo maana nasisitiza kwamba walikwepa.

#12 Wakili_Ntinda
Au walikiacha kimya kwa makusudi, kwa sababu vyanzo havikubaliani. Msanii mwaminifu anaweza kunyamaza pale ambapo ushahidi umegawanyika.

#13 Mzaliwa_Nakivale
Jambo kwenu nyote. Nimesoma uzi kutoka juu nikaona kuna kitu mnakipita. Wote mnasema "warudi kwao". Kwao wapi?

Mimi nimezaliwa Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Wazazi walitoka Kongo. Kiswahili nimekinywa kwa mama, Kinyankole nimekiokota sokoni na shuleni. Kila mara anatokea mtu mwenye nia njema ananiuliza, "Mutarudia lini nyumbani?" Nyumbani kwenyewe nimekusikia kwa hadithi tu. Mlima uliokuwa nyuma ya nyumba ya babu naujua jina lake, ila sijawahi kuuona. Mama akisimulia analia. Mimi nasikiliza kwa heshima, lakini machozi hayaji, maana siwezi kulilia pahali nisipopajua. Kambi hii ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuna watu humu wana wajukuu waliozaliwa hapahapa.

Sasa wafikirieni wale watumwa. Wengi walizaliwa Italia, kwenye mashamba ya Italia, na mama zao walikuwa watumwa vilevile. Unawafikisha chini ya mlima unawaambia: haya, upande ule ni kwenu. Upande ule ni kwa babu yao. Huku ndiko wanakojua chemchemi zilipo, lugha wanaijua, na ndugu zao bado wamo utumwani. Plutarch anaita kiburi. Mimi naona ni watu waliokataa kupelekwa ugenini kwa mara ya pili.

#14 Mama_Lishe_Malaba
Mwanangu, hapo umesema.

#15 Afande_Mstaafu_Jinja
Ndugu yetu wa Nakivale, nakupa heshima yako. Hoja ya chakula siiondoi, ila yako naiweka juu ya meza karibu na yangu.

#16 Mwalimu_FortPortal
Naongeza jambo linalomsaidia aliyeandika #13, hata kwa wale waliokuwa na kwao. Spartacus alikuwa Mthrace. Miaka hiyohiyo, 72 na 71 KK, Marcus Lucullus alikuwa na majeshi ya Roma huko Thrace akiwapiga Wabessi, kabila la hukohuko. Mtu angevuka Alps, atembee miezi, afike nyumbani akute walewale aliowakimbia wamemtangulia. Na ukitazama Hispania, Sertorius, Mrumi muasi aliyekuwa amewasumbua miaka mingi, aliuawa na watu wake wakati vita hii inaendelea, kwa hiyo hata upande wa magharibi tegemeo lilikuwa linakufa.

Kama habari hizi zilimfikia pale Mutina, kugeuka kwake kulikuwa na maana kabisa. Kama hazikumfikia, tunarudi kwa Plutarch na wakaidi wake.

#17 Kijana_Busia
Mwalimu, unatupa jibu halafu unalinyang'anya hapohapo.

#18 Amadinda_Mukono
Nimekuwa msomaji tu, lakini mmefika kwenye uwanja wangu. Wengi mnaulizana nani aliamua: Spartacus, wafuasi, au njaa. Sisi wapiga amadinda tunalijua jambo hili kwa mikono.

Amadinda ina vipande 12 vya mti, na wapigaji watatu. Wa kwanza anapiga mfululizo wake, okunaga. Wa pili anakaa mkabala, anaingiza wake katikati ya mapigo ya wa kwanza, okwawula. Wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili vidogo vya mwisho. Anasikiliza kila mahali noti mbili za chini zinapojitokeza, naye anazirudia juu. Matokeo yake unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati ya watatu anaoupiga. Ukimwondoa mmoja, wimbo unapotea na mikono ya waliobaki haijabadilisha kitu. Kule Mutina naona hivyohivyo. Afande yuko sahihi, wa Nakivale yuko sahihi, Muuza Chuma yuko sahihi, na uamuzi wenyewe hakuna aliyeufanya peke yake.

Na kuhusu muziki: hao Triumvirat wanasifiwa kwa mapigo magumu. Ni wazuri, siwanyimi haki yao. Lakini chukua entenga za Kabaka, mfalme wa Buganda: ngoma 15, wapigaji 6, ngoma 12 zikiwa zimepandishwa sauti kufuata nyimbo zilezile za amadinda. Hiyo ilikuwepo ikulu kabla Moog, kinanda cha umeme, haijaundwa. Jeshi liliposhambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, Mei 1966, wapigaji walitawanyika na entenga zikanyamaza miaka mingi. Evaristo Muyinda aliwahi kuonyesha muziki wa ikulu pale Jumba la Makumbusho la Kamwokya, na kupitia watu wa aina yake ujuzi haukukatika kabisa. Nikisikia albamu ya Wajerumani juu ya Roma, swali langu ni moja: ya kwetu iko wapi?

#19 Wakili_Ntinda
Ssebo, karibu uwanjani. Ila "wote wako sahihi" ni hukumu ambayo mawakili wote wanaipenda na hakimu yeyote anaiogopa.

#20 Mwana_wa_Nyombe_Mbarara
Wa Mukono ameniita bila kujua. Ya kwetu ipo tayari, imekosa wapigaji tu: Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi yetu. Wimbo wa kwanza Isaza na safari ya kuzimu. Katikati Ndahura na vita vyake. Mwisho Wamara, mfalme wa mwisho. Ng'ombe wake mpenzi Bihogo anakufa, nyumba nzima inaingia msibani. Wanachinja mnyama ili wapige ramli, wakampasua, wakakuta hana utumbo. Mpiga ramli kutoka kaskazini anapasua kichwa na kwato, utumbo umo humo. Anawaambia utawala wenu umekwisha. Wanaondoka. Hakuna kaburi.

Niambieni kama Spartacus ana mwisho mzuri kuliko huo.

#21 Kijana_Busia
Mtu wa Mbarara hawezi kumaliza uzi bila ng'ombe. Nilikuwa nahesabu tu.

#22 Mwana_wa_Nyombe_Mbarara
Bila ng'ombe hiyo historia haipo, kijana. Nenda Ntusi uone vilima vilivyoinuka kwa samadi na mifupa ya wanyama, vilivyoachwa na watu walioishi pale. Hata Spartacus mwenyewe, kabla ya pigano la mwisho, aliletewa farasi wake akamchinja mbele ya jeshi. Akasema akishinda atapata farasi wengi wa maadui, akishindwa hana haja naye. Umeona? Mnyama yupo.

Naye mwisho wake unafanana na wa Wamara. Appian anasema maiti yake haikuonekana. Waliopatikana ni wafuasi 6,000, wakasulubiwa kandokando ya barabara yote kutoka Capua mpaka Roma.

#23 Mwalimu_FortPortal
Hadithi umeisimulia vizuri. Lakini kama tunaifanya albamu, tuamue Wachwezi ni nani, maana hapo nako maelezo ni mengi. Wapo wanaosema walikuwa watawala wa kweli wa Kitara, dola ya kale ya magharibi ya Uganda, wakaondolewa na Wabito, ukoo wa kifalme uliokuja na Waluo kutoka kaskazini. Wapo wanaosema maradhi na vifo vya mifugo ndivyo vilivyoivunja dola, na kifo cha Bihogo ni kumbukumbu ya hilo. Wapo wanaosema hawakuwa wafalme kabisa, walikuwa mizimu iliyotungiwa ukoo baadaye ili Wabito waonekane warithi halali. Kule Mubende kwenye mti wa Nakayima watu bado wanapeleka sadaka zao, na Ziwa Wamala limechukua jina la mfalme huyo.

Jambo lisilo na ubishi ni mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, upande wa kusini wa mto Katonga, Sembabule. Yana urefu wa zaidi ya kilomita 10 yakiunganishwa, mengine yamekatwa kwenye mwamba. Merrick Posnansky na wenzake walichimba pale, na makazi yanawekwa karibu na karne ya 14 hadi ya 16. Nani aliyachimba, hapo tena mnaanza upya.

#24 Afande_Mstaafu_Jinja
Bigo nimefika. Ukishuka ndani ya handaki lenyewe, ukuta wa udongo unakupita kichwa, na unaona alama za kazi ya mikono mahali mwamba ulipokatwa. Nilichojiuliza pale ni lilelile: nani alikuwa anawalisha wachimbaji?

Linganisheni na la Crassus. Alimbana Spartacus kwenye ncha ya Italia kwa kuchimba handaki kutoka bahari hadi bahari. Plutarch anasema stadia 300, hiyo ni zaidi ya kilomita 50, upana na kina futi 15, na ukuta juu yake. Spartacus alisubiri usiku wa theluji na upepo, akajaza sehemu moja kwa udongo na matawi, akapitisha theluthi ya jeshi. Huo usiku ndio ningetaka kuusikia kwenye albamu. Kimya kwanza, halafu miguu.

#25 Fundi_Katwe
Mnaongea vita tu, tumrudie mwimbaji. Sauti ya Köllen ndiyo inayoibeba ile albamu. Nilipenda alivyoimba na kwenye Pompeii, ile ya mlima uliolipuka mwaka 79.

#26 Kinanda_Mbale
Fundi, kwenye Pompeii mwimbaji ni Barry Palmer. Köllen alikuwa ameshaondoka baada ya Spartacus ili afanye kazi yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1977, mwaka uleule Pompeii ilipotoka. Alikuwa garini ndani ya gereji akisikiliza nyimbo zake alizorekodi, injini inawaka, moshi wa sumu ukamuua. Miaka 27.

#27 Fundi_Katwe
Apumzike kwa amani. Vijana wanaokaa na jenereta ndani ya chumba wasikie habari hii. Moshi ule hauna harufu ya kukuamsha.

#28 Muuza_Chuma_Katwe
Amina. Na sasa mimi nashikilia nilipo. Wa Mukono ametugawia ushindi wote, lakini chuma hakigawiki. Kama watu walikuwa wanazuia kila uamuzi kwa sababu ya uporaji, nani aliwakataza dhahabu wakakubali? Kundi lenye tamaa halikubali amri hiyo. Plutarch na Appian hawawezi kuwa wanaeleza jeshi moja.

#29 Wakili_Ntinda
Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote tangu uzi uanze, na natamani mtu ambane Mwalimu nayo.

#30 Mwalimu_FortPortal
Nimeiona. Jibu langu ni kwamba marufuku hutungwa pale ambapo jambo limeshakuwa tatizo. Kukataza dhahabu kunaweza kuwa ushahidi kwamba walikuwa nayo nyingi mno. Lakini nakubali kwamba kutii ni jambo jingine.

#31 Mzaliwa_Nakivale
Au walitii kwa sababu safari ilikuwa imeshaghairiwa. Dhahabu ni ya mtu anayeondoka. Ukishaamua kubaki, unaihitaji ya nini?

#32 Muuza_Chuma_Katwe
Kaka, hapo unaniunga mkono au unanipinga?

#33 Amadinda_Mukono
Wakati mnaendelea: Kinanda, kama una nia ya kweli na hiyo ya Wachwezi, mimi nina wapigaji wawili wa amadinda hapa Mukono na mmoja anajua okukoonera, ile kazi ya omukoonezi, vizuri sana. Makondere, baragumu zile za mabuyu za Bunyoro, tutayatafuta upande wa Hoima. Ila hatupigi kwa kufuata ogani, ogani itufuate sisi.

#34 Kinanda_Mbale
Nia ninayo. Ogani itafuata. Nianzie wapi, kwa Isaza au kwa Bihogo?

#35 Mama_Lishe_Malaba
Anzeni kwa Nakayima pale Mubende, mwanamke apate wimbo wa kwanza. Safari hii asisahauliwe.

#36 Mwana_wa_Nyombe_Mbarara
Mama, kwa heshima zote, Bihogo.